Asili ya Zawadi za Noeli

Somo la majuma ya Majilio kwa wakatekumeno

Mwezi wa Desemba unapofika, picha ya mzee mmoja huonekana katika maduka na masoko ya Kisangani. Ni mzee mnene, mwenye ndevu nyeupe na koti jekundu, naye amebeba mfuko mkubwa mgongoni. Jina lake ni Baba Noeli, na wengi mjini humwita Papa Noeli. Watoto huambiwa kwamba mzee huyo husafiri usiku juu ya theluji, huingia nyumbani kwa kupitia dohani, yaani njia ya moshi iliyo juu ya paa, na kuwaachia zawadi watoto watiifu.

Picha hiyo hufika hata vijijini, kando ya mito ya Lindi na Tshopo na kando ya mto mkubwa wa Kongo. Huko nyumba hazina dohani, wala theluji haijapata kuanguka. Mtoto mwenye akili huuliza: Mzee huyo hupitia wapi? Na mbona huwafikia watoto wa tajiri, akawasahau watoto wa mvuvi na wa mkulima? Mtoto huyo akikua, akatambua kwamba hakuna mzee aliyepita, huuliza swali lililo zito zaidi: Ikiwa habari za Papa Noeli si kweli, je, habari za Mtoto Yezu ni kweli?

Swali hilo si la kuchekwa. Mkatekumeno anayejitayarisha kwa Ubatizo yampasa kujua jibu lake, kwa maana kesho atakuwa mzazi Mkristu, na watoto wake watamwuliza. Somo hili laeleza zawadi za Noeli zilitoka wapi, ni nani aliyezileta, na ni lipi kati ya mambo hayo ambalo Mkristu hulisadiki.

1. Zawadi iliyotangulia zote

Kabla ya mwanadamu ye yote kumpa mwenzake zawadi ya Noeli, Mungu alikuwa amekwisha kutoa ya kwake. Alimtoa Mwana wake wa pekee, akazaliwa na Bikira Maria katika mji wa Bethlehemu. Mwenye Injili Luka asimulia kwamba hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni, na Mtoto akalazwa katika hori la kulishia wanyama. Walioitwa kwanza kumtazama walikuwa wachungaji waliokuwa wakikesha usiku na makundi yao. Hawakuulizwa wamevaa nini, wala wameleta nini.

Hapo pana tofauti kubwa ambayo mkatekumeno huishika tangu mwanzo. Papa Noeli husemwa kuwa huwapa watoto wema na kuwanyima watukutu. Mungu hakufanya hivyo. Aliwapa wakosefu Mwana wake, wala hakungoja wawe wema kwanza. Zawadi hiyo si malipo ya utii. Ni upendo usiotanguliwa na stahili yo yote.

2. Mamajusi na hazina zao

Mwenye Injili Matayo, katika sura ya pili, asimulia juu ya mamajusi waliotoka mashariki wakifuata nyota. Walipomwona Mtoto pamoja na Maria mama yake, walimsujudia, wakamtolea dhahabu, ubani na manemane. Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba dhahabu hutolewa kwa mfalme, ubani hufukizwa mbele ya Mungu, na manemane hupakwa maiti kabla ya kuzikwa. Hivyo zawadi tatu zilimtangaza Yezu kuwa Mfalme, Mungu, na mtu atakayekufa kwa ajili ya watu.

Injili haisemi kwamba mamajusi walikuwa watatu, wala kwamba walikuwa wafalme, wala haitaji majina yao. Watu wa nyakati za baadaye walihesabu zawadi tatu, wakasema ni watu watatu, kisha wakawapa majina ya Kaspari, Melkiori na Baltazari. Katika nchi ya Hispania, hata leo, watoto hupata zawadi kwa jina la wafalme hao katika sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari.

Yafaa kuangalia njia ya zawadi hizo. Hazikutoka kwa mtu mzima kwenda kwa watoto wote waliokuwa watiifu. Zilitoka kwa watu wenye mali, zikaenda kwa Mtoto mmoja wa maskini. Aliyezipokea alikuwa na mama mgeni katika mji ule, naye baada ya muda mfupi alichukuliwa na wazazi wake kukimbilia Misri, kama jamaa nyingi za Kongo zilivyolazimika kukimbia vita.

3. Askofu wa Mira

Mzee wa picha za Desemba anaye babu wa kweli. Babu huyo ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya nne. Mji wa Mira ulikuwa karibu na bahari, katika nchi ambayo leo huitwa Uturuki, na mahali pake leo huitwa Demre. Si nchi ya theluji ya milele. Ni pwani yenye jua kali, na watu wake walikuwa mabaharia na wakulima.

Maandiko ya zamani juu ya maisha yake yasimulia tendo moja lililompatia sifa kuliko yote. Palikuwa na mtu aliyekuwa tajiri, kisha akafilisika. Alikuwa na binti watatu. Katika nchi ile mahari haikutolewa na upande wa mume, kama ilivyo desturi ya Kongo. Ilitolewa na baba wa msichana. Kwa kuwa baba yule hakuwa na kitu, binti zake hawakuweza kuolewa, naye kwa kukata tamaa alikusudia kuwatia katika kazi ya aibu ili wapate kula.

Nikolao alisikia habari hizo. Hakumwita yule baba mbele ya watu kumkemea, wala hakumpelekea fedha mchana ili asifiwe. Alikwenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba kwa kupitia dirishani, akaondoka. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya vivyo hivyo kwa binti wa pili. Mara ya tatu yule baba alikesha, akamkimbilia, akamtambua, akaanguka miguuni pake. Nikolao alimwomba asimwambie mtu ye yote muda wote yeye mwenyewe atakapokuwa hai.

Tendo hilo lafuata mafundisho ya Bwana Yezu, aliyeagiza kwamba sadaka itolewe kwa siri, bila ya kupigiwa tarumbeta njiani. Na ndani yake zimo mbegu za picha zote zilizofuata: usiku, mfuko, zawadi inayoingia nyumbani bila ya mlango kufunguliwa, na mtoaji asiyeonekana. Wasimulizi wa baadaye waliongeza kwamba dhahabu iliangukia katika soksi au kiatu kilichokuwa kikikauka karibu na moto, au kwamba ilipitia dohani. Nchi zao zilikuwa za baridi, na kila nyumba ilikuwa na moto na dohani.

Katika mwaka 1087 mabaharia wa mji wa Bari, katika nchi ya Italia, waliichukua mifupa ya mtakatifu kutoka Mira, wakaipeleka kwao. Tangu hapo heshima yake ilizidi kuenea katika Ulaya yote. Kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba.

4. Kutoka Ubelgiji hadi Kongo

Kati ya watu waliompenda sana Mtakatifu Nikolao walikuwamo Waholanzi na Wabelgiji. Kwao, jioni inayotangulia sikukuu yake, watoto huweka viatu vyao karibu na moto, na ndani yake hutia karoti au majani makavu kwa ajili ya farasi wa mtakatifu. Asubuhi hukuta peremende na vitu vya kuchezea. Anayemwigiza mtakatifu huvaa kama askofu: joho, mitra kichwani, na fimbo ya kichungaji mkononi.

Kisangani uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, walifika karibu na maporomoko katika mwaka 1897, wakaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Ndiyo mbegu ya Kanisa la Kisangani. Katika miaka ya utawala wa Ubelgiji, jamaa za Wabelgiji waliokaa Kongo waliishika sikukuu ya tarehe 6 Desemba kama walivyoishika kwao. Hivyo watu wa Kongo walimfahamu Mtakatifu Nikolao kwanza, na Papa Noeli akaja pamoja naye na baada yake, kwa vitabu, kwa filamu na kwa biashara.

Pamoja na mtakatifu alikuja mtumishi wake. Waflandria humwita Piet Mweusi. Aliyemwigiza alijipaka uso rangi nyeusi, akabeba fimbo ya kuwachapia watoto watukutu. Mtu mweusi huyo hayumo kabisa katika maandiko ya zamani juu ya askofu wa Mira. Alijulikana hasa kwa kitabu cha picha cha mwalimu mmoja wa Amsterdam, Jan Schenkman, kilichotoka katika mwaka 1850. Wakati huo Waholanzi walikuwa bado na watumwa weusi katika makoloni yao. Utumwa huo uliondolewa katika mwaka 1863 tu.

Basi Mwafrika akiona picha hiyo na moyo wake ukaumia, hakosi heshima kwa mtakatifu. Picha ile yatoka katika desturi za watu wa wakati fulani, haitoki katika imani. Hata katika Ulaya wengi wamekwisha kuitambua kasoro hiyo. Katika mwaka 2016 watu na mashirika mengi ya Flandria walipatana kwamba mtumishi huyo aonyeshwe kama mtu aliyechafuka kwa masizi ya dohani, asiwe tena mtu mweusi wa kuchekesha au wa kuogofya.

5. Jinsi fimbo ya kichungaji ilivyopotea

Katika karne ya kumi na sita, katika nchi zilizofuata mafundisho ya Martin Luther, heshima ya watakatifu ilipunguzwa. Watu hawakutaka kuacha kuwapa watoto zawadi, basi wengi waliihamisha desturi hiyo kutoka tarehe 6 Desemba hadi Noeli, wakasema kwamba zawadi zaletwa na Mtoto Yezu mwenyewe.

Waholanzi walikuwa wameanzisha mji ambao leo huitwa New York, katika Marekani. Jina la Mtakatifu Nikolao kwa lugha yao ni Sinterklaas. Vinywani mwa Waingereza likageuka kuwa Santa Claus. Katika mwaka 1823 gazeti moja la mji wa Troy lilichapa shairi lililomwonyesha kama mzee mdogo, mcheshi, mwenye kuvutwa na paa wanane wa nchi za baridi juu ya theluji. Tangu mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast alimchora mara nyingi katika gazeti, akamnenepesha na kumpa makao kaskazini mwa dunia. Katika mwaka 1931 kampuni ya Coca-Cola ilianza kutumia picha zake zilizochorwa na Haddon Sundblom ili kuuza kinywaji, na picha hizo zikaenea duniani. Wengine husema kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyomvika nguo nyekundu. Lakini nyekundu alikuwa akivikwa hata kabla ya hapo.

Hivyo mitra iligeuka kofia ya manyoya, na joho likageuka koti. Fimbo ya kichungaji ilipotea, na mfuko ukazidi kuwa mkubwa. Aliyekuwa akitoa mali yake kwa siri ili kuokoa binti wa maskini, amefanywa mtangazaji wa maduka.

Wapo Wakristu waliokasirika sana kwa mabadiliko hayo. Tarehe 23 Desemba 1951, katika mji wa Dijon wa Ufaransa, sanamu ya Papa Noeli ilitundikwa kwenye ua wa kanisa kuu, kisha ikachomwa moto mbele ya watoto mamia kadhaa, kwa sababu alidhaniwa kumnyang’anya Yezu sikukuu yake. Hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini moto haukumwondoa Papa Noeli, wala haukuwafundisha watoto jina la Mira. Afadhali kumsimulia mtoto habari za babu, naye atajua mwenyewe jinsi ya kumtazama mjukuu.

6. Namna ya kupambanua

Wazee wa vijiji hujua kutofautisha maneno. Usiku, karibu na moto, husimuliwa ngano za kobe na chui, na watoto hucheka na kupata mafundisho. Lakini asubuhi, kesi ya shamba inapokatwa, hakuna amwitaye kobe kuwa shahidi. Huitwa mtu aliyeona na kusikia. Hakuna mtoto wa kijiji anayedhani kwamba, kwa kuwa kobe hasemi, basi na shahidi wa mpaka wa shamba amesema uongo.

Vivyo hivyo mkatekumeno apange mambo ya Noeli katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni Injili: Yezu amezaliwa. Huo ni ushuhuda wa Mitume, na wengi wao waliutolea uhai wao. Fungu la pili ni masimulizi ya watakatifu: Nikolao alikuwa askofu wa kweli, na habari za ukarimu wake zimepokewa na kuheshimiwa, ingawa wasimulizi wameongeza mengine. Fungu la tatu ni mapambo na biashara: theluji, paa, dohani, koti na mfuko. Fungu la tatu likianguka, la kwanza halitikisiki.

Historia ya nchi yenyewe yathibitisha jambo hilo. Katika mwaka 1974 serikali ya Zaire iliamua kwamba tarehe 25 Desemba isiwe tena siku ya mapumziko ya taifa. Hata hivyo waamini waliendelea kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana. Noeli yenye mizizi katika imani yaweza kuishi bila ya mapumziko, na bila ya mfuko wa Papa Noeli.

7. Noeli ya jamaa maskini

Wapo wazazi wanaokopa fedha mwezi wa Desemba ili watoto wavae nguo mpya na kula nyama siku ya Noeli. Januari hufika pamoja na mwenye kudai, na fedha za shule hazipatikani. Wapo wengine ambao, kwa kukosa nguo hizo, huona haya kwenda kanisani. Jamaa nzima hubaki nyumbani gizani, hali wenzao wanaimba. Hapo picha ya mzee imemfungia mlango Mtoto mwenye sikukuu, kama alivyofungiwa katika Bethlehemu.

Mzazi Mkristu asione haya. Nguo iliyofuliwa yatosha mbele ya hori. Asimwambie mtoto kwamba amenyimwa zawadi kwa sababu ni mbaya, hali kweli ni kwamba fedha hazipo. Amwambie kweli, na amwonyeshe kwamba naye aweza kutoa. Samaki wawili kwa mgonjwa, kopo la mchele kwa mjane, chupa ya mawese, kuni kwa bibi asiyeweza kwenda msituni: hizo ni zawadi za Noeli zilizo karibu na tendo la Nikolao kuliko kitu cha kuchezea kilichonunuliwa kwa deni. Na ikiwezekana, ziwekwe mlangoni alfajiri, pasipo jina.

Mwezi wenyewe wa Desemba huanza kwa fundisho hilo. Tarehe 1 Desemba Kanisa la Kongo humkumbuka Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa katika Isiro mwaka 1964, akamsamehe aliyemwua. Hakuwa na mfuko wa kugawa. Alitoa nafsi yake. Kisha hufuata Nikolao, tarehe 6, aliyetoa dhahabu. Mwisho hufika tarehe 25, na hapo hukumbukwa Yule ambaye wote wawili walijifunza kwake kutoa.

Maswali na majibu

S. Nani aliyetoa zawadi ya kwanza ya Noeli?
J. Mungu Baba, aliyemtoa Mwana wake Yezu Kristu kwa ajili ya watu wote, hata wakosefu.

S. Mamajusi walimtolea Yezu nini, na kwa maana gani?
J. Dhahabu kwa kuwa ni Mfalme, ubani kwa kuwa ni Mungu, na manemane kwa kuwa atakufa na kuzikwa.

S. Mtakatifu Nikolao ni nani?
J. Ni askofu wa Mira wa karne ya nne, anayesifiwa kwa kuwasaidia maskini kwa siri. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba.

S. Je, Papa Noeli yumo katika Injili?
J. Hayumo. Picha yake imetokana na habari za Mtakatifu Nikolao, zilizobadilishwa na desturi, magazeti na biashara.

S. Mtoto akijua kwamba Papa Noeli si mtu wa kweli, ana sababu ya kuacha kumsadiki Yezu?
J. Hana. Yezu hushuhudiwa na Mitume na kuhubiriwa na Kanisa. Papa Noeli ni mapambo tu.

S. Jamaa isiyo na fedha yaweza kuadhimisha Noeli?
J. Yaweza, na vema sana: kwa kwenda Misa, kwa kupatana na jirani, na kwa kushiriki kidogo walicho nacho.

Azimio la Majilio

Kila mkatekumeno achague nyumba moja ya kijiji chake yenye shida. Kabla ya usiku wa Noeli apeleke huko kitu kimoja au kazi moja ya mikono yake, wala asimwambie mtu. Kisha awasimulie watoto wa nyumbani habari za binti watatu wa Mira.